Nilimwambia Simu Yake Haiwezi

Gendabi, Alhamisi. Upepo wa mlimani unapuliza vumbi tangu asubuhi, na mimi nimeamka na kisirani.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayesoma blogu hii.

Jirani yangu Mama Gidahoda ni mfugaji, shule hakuiona. Mwanawe ni mlinzi wa usiku Arusha, mchana amelala, kwa hiyo kupigiana ni shida. Kijana anamwandikia, kwa Kiswahili. Miaka mitatu kila ujumbe nimemsomea mimi. Anakuja na maziwa, anakaa, ananipa simu. Kijana akiumwa, najua kwanza mimi. Alipopata mchumba nilijua kabla ya baba yake. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikarudi kwenye mahindi, pale nilikuwa mtu.

Mwaka jana kijana akamtumia simu janja. Mama yake akaniuliza, "Mama Neema, wanasema mtu anaongea humu, mwenzake anasikia baadaye. Ni kweli?"

Nikamwambia simu yake haiwezi.

Ilikuwa inaweza. Siku hiyohiyo nilikuwa nimemtumia dada yangu ujumbe wa sauti kwa simu kama ile.

Mwezi uliopita yakaja mafunzo ya simu kwa akina mama, ofisi ya kijiji. Mimi sikwenda, nikajiona najua. Yeye alikwenda siku zote nne. Tangu hapo haji tena na simu. Namsikia zizini akicheka na sauti ya mwanawe, Kidatoga kitupu, siambulii neno. Roho inaniuma jamani. Maziwa bado analeta, anawaachia watoto na kwenda zake.

Leo kikundi chetu cha akina mama kilimwomba atufundishe. "Bonyeza hapa, usiachie, ongea." Nilikaa nyuma nimenuna, naomba akosee.

Hakukosea.

Mwenyekiti akamuuliza amejuaje haraka hivyo. Akaninyooshea mkono. "Huyu ndiye alinitoa woga wa simu. Miaka mitatu ananisomea maneno ya mwanangu. Hajanidanganya hata siku moja."

Wakanipigia makofi. Nikasimama, nikatabasamu, nikayapokea yote.

Mwaka mzima nimekaa katikati ya mama na mwanawe, na leo nimeshukuriwa kwa hilo.

Kesho asubuhi, kabla hajafungulia ng'ombe, nitakwenda kumwambia ukweli. Mungu anipe mdomo.