Lehemu Kwenye Damu Yetu

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Hapa nyumbani wote wazima. Wifi yako anakusalimu, na binti yetu Chiriku bado anaongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba. Aliyeyumba kidogo ni mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa napandisha televisheni ya mteja dukani. Ngazi ya saba, kifua kikanibana kama kimefungwa mkanda, jasho jembamba likanitoka. Nimelala hospitali siku tano. Daktari anasema mishipa inayolisha moyo imekakamaa na kuziba, eti lehemu imezidi. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi redio, lehemu nimeishika miaka ishirini, lakini sijawahi kuila. Hakucheka.

Sivuti sigara, na mwili wangu unaujua, mifupa mitupu. Nina miaka arobaini na moja. Wewe mtu wa maabara unashinda na damu za watu. Hebu nieleze, imekuwaje?

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na dawa unameza. Msalimie wifi na Chiriku. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne, nikaichana.

Nianze na ulichouliza. Lehemu hiyo ni mafuta yanayosafiri kwenye damu. Kila mtu anayo, na ini ndilo huisafisha ikizidi. Lina vishikizo vidogo vya kuidaka inapopita. Vishikizo viwe vingapi, hiyo ni amri ya jeni, maagizo tuliyorithi kwa wazazi: nakala moja ya baba, moja ya mama. Kwetu sisi nakala ya baba ni mbovu. Ini linadaka nusu tu. Inayobaki inajipenyeza kwenye kuta za mishipa tangu utotoni, zinavimba, zinakuwa ngumu. Wembamba hausaidii kitu. Unakumbuka madoa ya njano kwenye kope za baba, na alivyoanguka akafa akipaka rangi ukuta, ana miaka arobaini na mitatu? Ndiyo hiyo.

Nasema "kwetu sisi" kwa sababu najua. Hapa ndipo huwa nachana karatasi.

Miaka tisa iliyopita, nikiwa mwanafunzi, ulinitembelea. Nilikuomba mkono nijifunze kutoa damu, ukacheka, ukakunja shati. Damu ile niliipitisha kwenye mashine bila ruhusa. Lehemu ilikuwa mara mbili na nusu ya kawaida. Nikajiambia nimekosea kupima. Ningemuuliza mwalimu, angejua nimechezea mashine, na nilishapewa onyo moja. Nikaitupa ile karatasi. Ulipouliza nikakujibu, "Damu ya simba, kaka."

Miaka mitatu baadaye nilipima yangu. Vilevile. Nikaanza dawa wiki hiyohiyo. Dawa hiyo inalizuia ini kujitengenezea lehemu, nalo likiona upungufu linaihimiza ile nakala nzima ifanye kazi zaidi, vishikizo vinaongezeka. Nimemeza miaka sita. Kila likizo nilikuja kwako nimeazimia kusema, nikakosa pa kuanzia. Nilikuwa najitibu huku nakutazama.

Sina cha kujitetea.

Mdogo wako

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. U hali gani? Wiki sita sijapata neno, na simu hupokei. Ni haki yako.

Leo siombi radhi, naomba jambo moja: Chiriku apimwe. Mtoto wa mtu kama wewe, ni nusu kwa nusu kuirithi au kuikosa. Akitibiwa sasa akiwa na miaka tisa, mishipa yake huenda isifike ilikofika yako. Nichukie, lakini mpeleke.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Siku hizi napanda ngazi kwa vituo.

Barua yako ya Machi niliisomea dukani, nikafunga duka. Hasira ilinipanda. Nikawaza: huyu amekaa mezani kwangu, kijiko mkononi, ananitazama ninavyokula, na anajua. Sikutaka hata kuisikia sauti yako.

Ya Mei ilipofika nilimpeleka mtoto. Anayo.

Majibu nilipewa kwenye bahasha, nikaitia mfuko wa koti. Wifi yako akauliza, "Vipi, majibu?" Nikasema, "Bado." Kesho yake nikamwambia mashine yao imeharibika. Mimi, fundi, nikaisingizia mashine. Siku kumi na moja, mdogo wangu. Kila asubuhi nilijiambia leo, kisha namsikia Chiriku akimsimulia mama yake ndoto zake, neno linarudi tumboni.

Siku ya kumi na mbili nilisema. Wifi yako alilia, kisha akauliza, "Umejua tangu lini?" Nilipomjibu alitoka nje. Hadi leo ananisemesha kwa mkato.

Sikuelezi haya ili upumue. Siku kumi na moja si miaka tisa. Hasira bado ninayo, na pengine nitakutolea ukiwa mbele yangu. Ila tarehe mbili mwezi ujao mtoto anaanza dawa, na ana maswali mpaka daktari anafuta jasho. Anataka kujua ini lake linaamriwaje na nani. Mimi siwezi kumweleza. Mama yake kasema, "Mwite shangazi yake."

Usijibu barua hii. Panda basi.

Kaka yako