Papa Noeli wa Upepo na Jenereta ya Kavira

Ngungu, Jumanne

Mama,

Shefu wa kartie, yaani wa mtaa wetu, Papa Bahati, ametangaza leo asubuhi mbele ya duka la dada Kavira kwamba pambo lolote la Noeli linalojazwa upepo liipe mgongo bariere ya askari, kile kizuizi cha barabarani, lifungwe mkono, na jenereta yake izimwe saa kumi na moja jioni. Pambo la namna hiyo ni moja tu Ngungu nzima, na ni la binti yako. Basi pokea salamu kabla hujaanza kuniuliza: sisi wawili tu wazima na tunakula. Goti lako likoje? Ile dawa ya kupaka ilikufikia?

Mambo yalianza hivi. Shemeji Paluku alinunua furushi huko Butembo akiambiwa ni bashi, yaani turubai. Huku zinatoka haraka, kwa sababu ya watu waliokimbia vijiji vyao. Kavira alipofungua akakuta Papa Noeli, yule mzee wa zawadi za Krismasi, wa mita tatu, pamoja na feni ya kumjaza. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alipanda lori lake, ile kamyo kuukuu, kwenda Mpofi kuchukua mawese, akamwambia mkewe, "Nikirudi nikute iko imesimama. Nikiiona toka kule kwenye kona, nitajua muko."

Siku mbili baada ya yeye kupita, njia ilifungwa kwa mapigano. Sasa ni wiki ya tatu. Kavira humsimamisha yule mzee kila siku, hata mvua ikinyesha, na hataki nimuulize kwa nini.

Jumamosi askari wa bariere waliona mtu mrefu, mkono juu, anawachungulia juu ya ua. Walikuja na bunduki. Kavira akatoka na kisu cha kukatia sabuni.

"Mukimutoboa, mutamulipa!"

Waliondoka wakicheka, lakini jana mchana Papa Bahati aliitisha mkutano. Nilikwenda na daftari langu la kazi ya redio. Mgongo na mkono Kavira alivikubali bila kelele, maana ukiipa bariere mgongo unatazama kona. Sasa mkono umefungwa kamba kiunoni, na watoto wanasema Papa Noeli amekamatwa. Alichokataa ni saa. Magari ya Mpofi mara nyingi hufika giza likiingia.

Aliyepeleka malalamiko ya jenereta ni jirani, Mama Furaha, mkulima wa maharagwe aliyezaliwa kwenye mlima huu.

"Dada Kavira, Papa Noeli wako sina shida naye. Ni ile motere. Sisi tunalala na masikio. Ikilia, watu wa bunduki wanaweza kushuka mulima mpaka kwa mulango, hatusikie kitu."

"Na bwana yangu je? Akifika, akute giza?"

"Kamyo ya Paluku njo hatuijui? Ile inakohoa kama muzee! Zima yako, utaisikia toka chini ya mupando, kule njia inaanza kupanda mulima. Ikianza kukohoa, mimi mwenyewe nitakuita. Utawasha, Papa Noeli atasimama kabla Paluku hajafika kwa kona."

Watu walicheka. Kavira hakucheka. Alimtazama Papa Bahati, naye akasema siku hiyo moja ya kurudi kwa Paluku inaruhusiwa. Jana hiyo hiyo, bila kungoja tangazo la leo, saa kumi na moja kamili Kavira alizima jenereta kwa mkono wake, akakaa mlangoni na Mama Furaha wakichambua maharagwe. Walikuwa wanasikiliza.

Nisalimie kaka Kasereka fundi cherehani, shangazi Masika wa kwaya ya parokia, na Papa Mumbere, jirani anayekusomea barua hii. Asiruke mahali pa kisu.

Saa saba mchana wa leo shemeji alipiga simu: njia imefunguliwa, yuko mzima. Anatoka Mpofi Alhamisi asubuhi, atalala Masisi, na Ijumaa jioni tunamtegemea kwenye mpando. Petroli ya jenereta imeshawekwa kando.

Mwanao anayekupenda,
Kambale