Injini Niliyoifunga Mwenyewe

Jumatatu, 7 Mei
Bwana wa ile shule ya kuunda injini za magari ya mashindano, huko Charlotte, kapiga simu tena. Anataka jibu Jumatatu ijayo. Sauti tamu kama ya muuza bima. Eti, "Dada Renae, kipaji chako kinahitaji cheti." Cheti! Cheti kinakata kona?

Mjomba Verlon kacheka mpaka akakohoa. Anasema kulipia shule ya injini nawe una mjomba mwenye gereji ni kununua maji huku unanyeshewa. Kila anachokijua keshanifundisha. Nikamjibu ndiyo maana tulimaliza mapema. Coy, mwanawe, dereva wetu, akasema niende tu, huko nitapata mume mwenye kucha safi.

Jumatano, 9 Mei
Nimemaliza kuifunga injini ya Coy. Peke yangu, mara ya kwanza! Kila bolti nimeikaza kwa kipimo, nikairudia. Mjomba hukaza kwa kukadiria, gasketi ikipasuka anamlaumu shetani.

Nimeamua hivi: Coy akishinda Jumamosi kwa injini hii, siendi shule.

Ijumaa, 11 Mei
Ajabu! Mjomba mwenyewe kasema nikaione shule kabla ya kuikataa. Akanipa na lori lake. Nikadhani uzee unamlainisha.

Shule yenyewe: sakafu inang'aa kama chumba cha upasuaji. Wanafunzi wamevaa shati moja, jina kifuani, wasije wakapotea. Mmoja akaniuliza kama kwetu bado tunashindana kwenye udongo. Nikamwambia ndiyo, na wageni tunawala wabichi.

Lakini wana mashine ya kupima nguvu za injini... Nilisimama mbele yake kwa adabu nisiyokuwa nayo kanisani. Basi. Siendi.

Jumamosi, 12 Mei
COY KASHINDA! Kawaacha mbali, wanakula vumbi. Injini yangu! Ilivuta hata kuliko nilivyotegemea.

Wa pili, Lanny, kanuna. Kaweka pesa mezani kwa mkaguzi, mzee Hoyle: injini ifunguliwe. Ndiyo desturi ya uwanja wetu. Mshindi akishukiwa, injini yake inafunguliwa mbele ya watu. Akikataa, amekiri wizi; hapo, au wizi ukionekana, aliyeifunga injini anafungiwa msimu mzima. Hoyle kalifungia gari bandani mpaka kesho baada ya kanisa.

Wafungue! Lanny ataonyeshwa kazi safi kwa gharama yake mwenyewe. Mjomba hakugusa nyama yake ya nguruwe. Kwa Mjomba huo ni msiba.

Jumapili, 13 Mei
Naandika ndani ya lori, nje ya banda la ukaguzi.

Tulipofika Mjomba akaninong'oneza: tukatae, isifunguliwe. Nikamwambia kichaa. Akanivuta nyuma ya banda. Ijumaa, nilipokuwa shuleni, alitoa kemshafti niliyoweka, akaweka nyingine ya marufuku, inayofungua vali zaidi ili injini ivute. Kumbe ndiyo maana nilipewa lori!

"Mpwa wangu, sema ni wewe," akasema. "Wewe unakwenda shule, wataona ni utoto tu. Mimi wakinifungia, gereji imekufa."

"Siendi shule."

"Sasa utakwenda."

Nikamuuliza, injini yangu haikutosha? Akasema ilikuwa nzuri. Nzuri! Ila hakutaka kubahatisha. Na mimi sitajua kamwe kama ingeshinda.

Tukarudi ndani. Hoyle akauliza mbele ya wote: "Nani kaifunga hii?" Watu wakanigeukia. Jana ningejibu kwa kupiga kelele. Leo nimesema naomba kwenda chooni, nikaja humu lorini.

Mjomba hata hajafikiri. Shule gani itampokea fundi aliyefungiwa kwa wizi? Nikilitaja jina langu, sina shule wala uwanja. Nikilitaja lake, sina mjomba.

Coy kaja dirishani. Hakujua lolote mpaka nilipomwambia, uso umemsawijika. Anasema Hoyle hangoji tena, na baba yake keshawatangazia kwamba nina neno la kusema. Keshawatangazia!

Mjomba mwenyewe huyo mlangoni mwa banda, ananitabasamia. Hutabasamu hivyo anapouza gari bovu.

Hoyle kashika spana. Natoka. Kofia yenye jina la gereji nimeivua, naiacha kitini. Coy anaitazama. "We Renae," anasema, "hiyo maana yake utamtaja ba—"