Rangi ya mutumbwi wangu

Généreuse rafiki yangu, uko kwa simu? Nimejificha nyuma ya kanisa. Sijui nitarudi nyumbani namna gani.

Unajua ule mutumbwi mujomba Émile alikuwa anatengeneza? Kumbe ni wangu. Tangu nirudi hapa Pinga na diplome ya chuo kikuu, bila kazi, kila jioni alikuwa mutoni na mbao na nyundo, nami sikuuliza hata siku moja ni wa nani.

Leo ameniita mbele ya Mama na majirani: "Mutoto ya dada yangu, mutumbwi huu ni yako. Uvushe watu, upate chakula. Chagua rangi."

Na mimi, Géné, mimi nikajibu: "Ya majivu, mujomba. Nyekundu inapendwa na watu wachache. Ya majivu itauzika haraka."

Itauzika. Nilisema hivyo. Mutumbwi haujagusa hata maji.

Mama akaangalia chini. Jirani Rukundo akacheka: "Universitaire huyu! Tunamupa zawadi, yeye anatafuta kwanza mununuzi." Nikajaribu kueleza mambo ya soko, nikaharibu zaidi.

Mujomba hakukasirika. Bora angekasirika. Alipaka rangi ya majivu mutumbwi wote, polepole, hata chini ambako hakuna muntu ataona. Halafu akachukua rangi nyeupe, akainama pale mbele, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Niandike jina yako, ao tuache nafasi ya ule atanunua?"

Nikatoroka mbio mpaka huku.

Namuona kutoka hapa, Géné. Bado ameinama na burashi mukononi, ananingojea.