Nimeichukua Picha ya Mume Wangu

Kurayoshi, Tottori
18 Septemba 1989

Mpendwa mdogo wangu Chizue,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumba yako huko Londrina, Brazili. Goti la mumeo linaendeleaje? Na ile baridi uliyosema imeunguza kahawa, imepungua? Mimi ni mzima, ila viganja vinaniuma, na sababu utaisoma sasa hivi.

Najua shemeji Kiyohiko ameshakuandikia, maana amewaandikia watu wote. Bila shaka amekwambia kwamba uzee umenipanda kichwani na kwamba nimeuaibisha ukoo mbele ya mtawa siku ya Bon, tulipokuwa tukiwakaribisha marehemu wetu nyumbani. Kuaibisha, sawa. Uzee, hapana!

Mjukuu wangu Mizuho ametimiza miaka saba. Unajua hasikii tangu azaliwe. Shuleni wanamfundisha kusoma midomo, na mama yake, Sanae, aliambiwa amkataze kutumia mikono, eti akiizoea hatasema kamwe. Basi mtoto ana "maji", ana "choo", ana "asante", na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoishia. Nilichoka kuwa na mjukuu ambaye ninachoweza kumpa ni biskuti tu.

Kwa hiyo tangu majira ya kuchipua ninakwenda jumba la mtaa kujifunza lugha ya alama. Mwalimu wetu, Bwana Nagumo, ni kiziwi mwenyewe, na hana huruma hata chembe. Siku ya kwanza nilimwinamia kwa heshima, kama tulivyolelewa. Nilipoinuka, mikono yake ilikuwa imeshamaliza kusema. Nikainama kuomba radhi, nikakosa tena. Mara ya tatu alinishika kidevu akakiinua, mbele ya darasa zima.

Halafu kuna kutikisa kichwa. Unajua sisi mtu akizungumza tunatikisa tu, ndiyo, ndiyo, nakusikiliza. Yeye akanieleza habari ndefu kwa mikono, nami nikatikisa kwa adabu mpaka mwisho. Darasa likacheka. Jirani yangu, binti mmoja mcheshi aitwaye Eiko, akaninong'oneza, "Mama, umekubali kwamba wewe ndiye mwizi wa matikiti ya shambani kwake. Na kwamba utarudi kuiba kesho!"

Nilicheka hadi machozi. Ila nilirudi wiki iliyofuata. Kama kuchekwa ndiyo ada ya kusema na Mizuho, wacha wacheke.

Sasa siku yenyewe. Tulikusanyika nyumba kubwa kwa Kiyohiko, picha ya marehemu mume wangu ikiwa juu ya madhabahu pamoja na wazee wengine. Mtawa akaanza kusoma, wote wakainamisha vichwa. Mizuho alibaki ametazama juu. Kiyohiko akanyoosha mkono, akamkandamiza kisogo mpaka paji likagusa mkeka.

Nikamvuta mtoto kwangu, nikamuuliza kwa mikono yangu hii mizito, "Unataka nini?"

Akaielekezea picha kidole, akauliza kwa mikono, "Yule ni nani?"

Chizue, miaka yote hiyo tumempa udi achome na kumwambia akutanishe viganja mbele ya picha ile, na hakuna aliyemwambia ni ya nani! Nikamjibu, "Ni babu yako. Ni mume wangu."

"Mbona haji?"

Neno la kufa sikuwa nimefundishwa. Nikajaribu "usingizi", nikajaribu "mwisho". Akanitazama kwa huruma, akashika viganja vyangu, akavikutanisha, akavilaza ubavu. Kumbe analijua. Watoto wa pale shuleni hufundishana alama kwa siri chooni, walimu wasiwaone.

"Shemeji!" Kiyohiko akafoka, hata mtawa akanyamaza. "Teremsha mikono. Hatuigizi nyani mbele ya marehemu."

"Marehemu ni mume wangu," nikamwambia. "Na huyu ni mjukuu wake, anamuulizia."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Angalau wao wanasemeshwa."

"Kwenye nyumba hii, haitatokea tena."

"Basi haitatokea kwenye nyumba hii."

Nikainuka na magoti yangu haya, nikaitoa picha, nikaifunga kwenye kitambaa, nikatoka nimemshika Mizuho mkono. Mwanangu Noriaki, mumewe Sanae, anamwogopa baba yake mkubwa, hakubanduka. Sanae ndiye aliyetufuata, amebeba viatu vyetu, maana tulitoka peku. Njiani hakunilaumu. Aliniuliza darasa ni siku gani.

Ndiyo habari kamili. Ukitaka kunishauri nikamwombe Kiyohiko radhi, usipoteze stempu.

Msalimie mumeo, na wanao Hidemi na Tomoe, uwaambie shangazi... la, mama yao mkubwa bado ana meno yake yote. Mola awakinge na baridi, na mvune vizuri.

Picha iko jikoni, karibu na chungu cha wali. Mizuho akitoka shule husimama mbele yake na kumpa babu habari za siku nzima. Jana alimweleza jambo refu, nami nikaambulia nusu tu. Nilipomuuliza alikuwa akisema nini, alinigeuzia mgongo ili nisiione mikono yake, akaendelea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyejuta,
Fumiyo