Nilivyogeuzwa Baba Anayeipenda Bima Yake

Jumamosi, mwezi wa kumi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya baridi, na majani yameanza kuoza kwenye maegesho ya magari hapa kwetu Brooklyn Park, Marekani. Hali ya moyo: kinyaa. Nimetafuta neno la upole zaidi nikalikosa.

Shajara hii niliianzisha ili niandike mambo yangu madogo: mchicha wangu unaogoma kuota, mahali pa kupata dagaa wasio na mchanga, kwaya yetu na magomvi yake. Siasa niliziacha Morogoro. Nilidhani nikikaa nazo mbali, nazo zitakaa mbali nami.

Zimenifuata mpaka kanisani.

Niseme kwanza kinachonifunga, maana bila hicho haya yote ni kelele tu. Binti yetu Upendo ana miaka kumi na minne na ana selimundu, ile watu wengi tunaiita sikoseli. Ikimshika, mifupa inamuuma mpaka anaacha kulia, anatazama ukuta tu. Baridi ya huku haimwonei huruma. Dawa zake, kulazwa kwake, kuongezewa damu, vyote vinapitia kwenye bima ya afya, na bima inapitia kwenye kazi yangu. Mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao na kazi yake haina bima yoyote. Kwa hiyo mambo ni mepesi kuelewa: siku nitakayoacha kazi, au kazi itakaponiacha, matibabu ya mtoto yatasimama.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kinachotengeneza mirija ya hospitali, ile ya dripu. Siipendi. Nilisomea ualimu wa fizikia, na kuna wakati niliacha kiwanda nikapata kazi shuleni, kazi niliyoipenda kweli. Bima ya kule ilikuwa na muda wa kusubiri kabla haijaanza. Upendo akashikwa katikati ya kusubiri huko. Tulimkanda kwa maji ya moto, tukampa Panadol, tukawa tunatazama kalenda kama wendawazimu. Mama yake aliposema basi, tukamkimbiza hospitali, na daktari akatuuliza kwa nini tumechelewa. Upendo alipopata nafuu nikarudi kiwandani, wakanipokea, na fizikia ikaishia hapo.

Sasa, mwezi uliopita. Huu ni msimu wa uchaguzi, na jimbo letu la Minnesota halina mvuto mkubwa kwa wagombea. Wameshatuhesabu, wanajua kura zetu ziendako. Wanaobembelezwa ni majirani zetu ng'ambo ya mto, Wisconsin, kwa sababu wale leo wanaegemea huku na kesho kule, na kura chache za kwao zinaweza kuamua nchi nzima. Basi wana kampeni wanakuja huku mijini kutafuta watu wa kuwavusha mto: wa kugonga milango, wa kupiga simu, na wenye hadithi za kutoa machozi. Sisi tunatumika kama viungo kwenye sufuria ya mtu mwingine.

Upande mmoja, ule unaojiita upande wa afya kwa wote, ulimtuma Kevo. Kevo ni kijana wa Kikenya, mama yake anasali na sisi. Alikuja kwenye ibada yetu ya Kiswahili ya mchana, akamwomba mchungaji mtu mmoja aliyeteseka kwa mambo ya bima, asimame aseme, na yeye arekodi. Mchungaji hakufikiria hata dakika. Akaniita mbele.

Hapa ndipo lilipo kosa, na nadhani ni kosa ambalo watu wa makanisa ya kwetu tu ndio tungelifanya. Mimi sikutoa hotuba, nilitoa ushuhuda. Ushuhuda una mwendo wake. Unasema Bwana asifiwe, unaeleza shida, unaeleza ulivyofika mwisho wa akili zako, halafu unaeleza Mungu alivyotenda, unawashukuru wote aliowatumia, unakaa. Hakuna ushuhuda unaoishia kwenye shida. Ukiishia hapo, akina mama watakusubiri mlangoni wakuombee.

Nikasema yote. Kalenda, Panadol, daktari, mpaka watu wakaanza kupangusa macho. Halafu, kama ninavyojua tangu utoto, nikapanda kwenye shukrani. Nikasema namshukuru Mungu kwa ajili ya kiwanda kilichonipokea tena, namshukuru kwa kazi yangu, namshukuru kwa bima niliyopewa kazini, maana kwa hiyo mwanangu leo anasimama na kuimba kwaya. Kanisa likaitikia amina, na vigelegele juu. Binti anayetafsiri kwa ajili ya watoto wetu akayasema yote kwa Kiingereza kizuri kwenye kipaza sauti.

Kevo alinifuata nje akiwa ameishiwa nguvu. Aliniambia hadithi ilikuwa nzuri sana ila mwisho nimeiharibu, ningeishia pale hospitali. Nilicheka. Nilimwambia Mungu hashukuriwi nusu. Nikaenda zangu kula pilau.

Nilichosahau ni kwamba kanisa letu linarusha ibada mtandaoni, kwa ajili ya wagonjwa na ndugu walioko nyumbani.

Wiki mbili baadaye mke wangu alinipigia simu akiwa kazini. Anamhudumia bibi mmoja wa Kizungu huko Wisconsin, anavuka mto kila siku. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, sikujua kama analia au anacheka. Aliniambia yuko sebuleni kwa bibi, anamlisha supu, na mimi niko kwenye televisheni.

Upande wa pili, wapinzani wa akina Kevo, ndio ulioichukua video ya kanisa. Wamekata kipande cha shukrani tu. Niko pale na suti yangu ya kijivu, mikono juu, uso unang'aa, na sauti ya tafsiri inasema namshukuru Mungu kwa bima ya kazini. Kisha mwanaume mwenye sauti nzito anasema huyu baba anaipenda bima yake, usiwaachie wanasiasa waje kuichukua. Kalenda hamna. Panadol hamna. Daktari hamna. Mtoto mwenyewe hamna.

Yule bibi alimwambia mke wangu kwamba ameolewa na mtu mwenye bahati.

Niliwaandikia waliotengeneza tangazo. Nilijizuia, nilitumia lugha ya adabu, nikaeleza kwamba maneno yangu yamekatwa na maana yake imegeuzwa. Wakanijibu kwa adabu vilevile kwamba video ya kanisa ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwamba hakuna neno lililobadilishwa, na wakanitakia baraka mimi na familia yangu. Na ni kweli, hakuna neno lililobadilishwa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kazini sasa. Meneja wetu ni mtu mpole, anakumbuka hadi majina ya watoto wetu. Juzi aliweka tangazo lile kwenye skrini ya chumba cha chakula, akaagiza piza, watu wakapiga makofi. Akanipiga bega mbele ya wote. Halafu akaniita pembeni, akaniomba nizungumze kidogo kwenye mkutano wa mwaka wa kuchagua bima, niwaambie wenzangu yale yale. Aliniambia kampuni haiwasahau watu wake. Alisema vizuri tu, kwa tabasamu, nami nilisikia kilichokuwa chini ya tabasamu. Nikamwambia nitajiandaa.

Katika waliokuwa mezani siku ile alikuwepo Mama Zawadi, wa Bukavu, anayefunga mirija kwenye mifuko. Saa zake za kazi hupangwa ziishie kidogo chini ya zile zinazompa mtu haki ya bima. Kila wiki, kidogo tu chini. Presha anayo, na vidonge wanagawana na dada yake, leo huyu, kesho yule. Yeye hakupiga makofi. Alingoja watu watawanyike, akaja na kipande chake cha piza ambacho hajakigusa.

"Baba Upendo," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "ile assurance unashukuria Mungu, miye sina. Sasa Mungu wangu njo alilala?"

Alingoja kwa heshima, kisha akarudi kwenye mashine yake. Mtu huyu kazi yake nzima ni kufunga mirija itakayomwingizia mgonjwa mwingine dawa, na yeye anameza kidonge siku moja anaruka siku moja.

Basi leo mchana Kevo amekuja nyumbani. Nilimpigia mwenyewe, nikidhani upande wake utanisaidia kusafisha jina langu. Alikuja na mwenzake mwenye kamera, wakavua viatu vizuri mlangoni, wakanywa chai. Mpango wao ni huu: nitengeneze video mpya, safari hii nikiwa na hasira, niitaje kampuni yangu kwa jina, niseme inavyotufunga. Nikikatika sauti, nisirudie, niiache hivyo hivyo. Halafu, akasema huku akitazama kikombe, ikitokea Upendo akalazwa kabla ya siku ya kura, wapewe taarifa. Picha ya kitandani ingesaidia sana.

Nilimuuliza swali moja tu. Je, mgombea wao akishinda, mtoto wangu atatibiwa hata kama mimi sina kazi? Atatibiwa kwa sababu ni mgonjwa, basi?

Kevo si kijana mbaya. Aliona aibu, na aibu ile ilinifanya nisimfukuze.

"Baba Upendo, hiyo hatuwezi sema saa hii," akajibu. "Tukisema hivyo, tuta-lose watu wa Wisconsin. Wengi wao wanapenda ile bima wako nayo kazini. Wacha tushinde kwanza."

Kwa hiyo upande wa tangazo unasema niipende bima ninayoogopa kuipoteza. Upande wa Kevo unasema niichukie mbele ya kamera, nifukuzwe kazi, halafu tutaona. Wote wawili wanawabembeleza watu walewale wa ng'ambo ya mto, na wote wawili wanaujua ukweli uleule, kwamba huku mtu mzima anafungwa kwenye kazi asiyoipenda kwa kutumia mwili wa mtoto wake. Wanaujua. Wamekubaliana tu kuusema baadaye.

Nilikataa. Niandike kwa uaminifu sababu yake, maana hapa sina wa kumdanganya: sikukataa kwa msimamo. Nilikataa kwa woga. Niliwaza barua ya kufukuzwa kazi, nikawaza mifupa ya Upendo Januari inayokuja, nikasema hapana. Kevo alinielewa haraka sana. Nadhani woga wa aina yangu ameshaukuta kwenye nyumba nyingi.

Walipoondoka nikamwona Upendo amekaa kwenye ngazi. Alikuwa amesikia yote. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote ila hunijibu kwa Kiingereza, na mimi nimeshazoea. Leo alijibu kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, nadhani alitaka yanifikie vizuri.

"Baba, usi-worry. Mimi nikiwa mkubwa nitafanya kazi yoyote tu. Bora iwe na bima nzuri."

Upendo anataka kufundisha mbwa. Ndiyo, mbwa. Nimemtania kwa hilo mwaka mzima, kwamba kwetu mbwa anafundishwa jambo moja tu, kubweka. Ana kitabu kuhusu mbwa wanaoongoza vipofu, amekisoma mpaka jalada limetoka. Siku za Jumamosi asubuhi anajitolea kwenye nyumba ya mbwa waliotupwa, na hata akiwa na maumivu kidogo anaficha ili tusimzuie kwenda. Kumbe amekwisha kufanya hesabu zake. Anajua kuna umri bima yangu itamwachia mkono, na ameamua peke yake, bila kelele, kwamba mbwa hawatoi bima. Ana miaka kumi na minne.

Baba wa kweli angesema nini pale? Angesema hapana, mwanangu, wewe fuata unachokipenda, mengine tutapambana. Nilikuwa nayo maneno hayo. Nimewahi kuwaambia watoto wa watu darasani.

Nikamwambia, "Umefikiri vizuri, mwanangu."

Na kibaya zaidi, nilipomwambia hivyo, nilifarijika. Moyo ulitua. Niliona binti yangu ndani ya kiwanda fulani, kwenye kiti fulani, akiwa na kadi ya bima kwenye pochi, na nikasikia raha. Hicho ndicho walichonifikisha. Yule baba wa kwenye tangazo, niliyekuwa nakasirika kwamba si mimi, mchana huu amekaa kwenye ngazi za nyumba yangu akasema na mtoto wangu.

Upendo ameshalala usingizi wa mchana, dawa zake humchosha. Mvua imezidi. Mke wangu yuko njiani kurudi kutoka ng'ambo.

Upendo akiamka nitamwambia nimekosea, nitamwambia achague mbwa. Nimeandika sentensi hiyo mara kadhaa na kuifuta, kwa sababu Jumatatu nitaingia zamu kama kawaida, na yeye ataniona nikienda. Atamwamini baba yupi, wa maneno au wa zamu?