Rundo la Salfa la Newala

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeanza kazi. Kama ni kazi. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke nimekuwa nikifagia, nikiosha vyombo, nikilala. Divisheni four. Leo Mjomba Basil amesema imetosha. Ana duka la pembejeo hapa Masasi na stoo Newala. Anataka akae hapa aone mzigo wa kule kwenye simu. Si nilisoma kompyuta? Basi nimtengenezee mfumo.
Nikasema ndiyo. Sikufurahi wala sikuogopa. Nilisema tu.

Jumatano, 4 Juni
Nachora mfumo kwenye karatasi kwanza. Jedwali la bidhaa, la kupokea, la kutoa. Mtu akiingiza mzigo, mfumo ujumlishe. Akitoa, upunguze. Mfuko wa mwisho ukikaribia, rangi iwe nyekundu.
Winfrida wa kaunta aliuliza kama mashine itajua na mtu anayemlia maandazi yake. Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha. Jibu lilinijia jioni, nikiwa naoga.

Jumanne, 10 Juni
Newala. Ukungu mpaka saa nne, vidole vimekufa ganzi. Nimekuja kuandika mzigo wa kuanzia.
Mtunza stoo ni Mzee Hamidu, wote wanamwita Baba Stamili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaita watu waje waone. "Mmakua anahesabu mali ya Mmakonde! Haya hesabu, lakini sisi wenyewe usituuze!" Utani wa makabila yetu; stoo nzima ikacheka. Nilitazama viatu vyangu.
Daftari lake linasema rundo la salfa, dawa ya mikorosho, lina mifuko 218. Nikalizunguka mwenyewe. Mitano kwa minne, tabaka kumi na mbili kwenda juu. Hiyo ni 240! Nilitaka kumuuliza. Alikuwa na wateja. Nikasimama kando na kalamu, wakaja wateja wengine. Nikajiambia ni mzee, amepitiwa.
Nimeandika 240.

Jumatatu, 16 Juni
Mfumo unafanya kazi. Mjomba anaonyesha simu yake kwa kila anayeingia dukani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye anataka wake. Mjomba anasema mwakani atanipeleka chuo, Mtwara.
Hapo ndipo nilipaswa kufurahi. Nilisema ahsante mjomba.

Alhamisi, 19 Juni
Rundo lote la Newala limeletwa Masasi kwa lori. Tukahesabu wakati wa kushusha — 218. Mfumo unasema 240. Mjomba akarudia. Winfrida akarudia. 218.
Mjomba akampigia Baba Stamili, simu ikiwa kwenye spika. Mzee, mifuko ishirini na miwili imekwenda wapi?
"Tajiri, mimi yangu ni mia mbili kumi na nane. Angalia daftari."
"Daftari unaliandika wewe. Mashine haina ndugu."
Amemsimamisha kazi. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo mifuko ionekane, la sivyo polisi.
Nilikuwa nimekaa palepale. Ile 218 niliiona tarehe kumi, kabla mfumo haujazaliwa. Ningeweza kusema. Nilikunywa chai yangu ikaisha.

Jumatatu, 23 Juni
Newala tena. Mjomba kanituma nikahesabu rundo jipya la salfa lililoingia juzi. Funguo anazo Nurdin, mpakiaji. Alikuwa anatoa mifuko ya mteja. Tabaka la juu lilipoondoka nikaona shimo. Katikati ya rundo, jeusi, linashuka mpaka chini.
Nikauliza ni nini. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.
"Moyo wa rundo, dada! Ukungu wa huku unaujua? Salfa ikibanana inashika unyevu, inakuwa mawe. Kila tabaka unaruka mifuko miwili ya katikati, rundo lipumue. Juu kabisa unafunika. Baba Stamili ndiye aliyetufundisha. Kwani Masasi hamfanyi?"
Masasi hatufanyi. Masasi ni joto.
Miwili mara kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole, na sihitaji vidole.
Nurdin akaniuliza kama nimeona chatu mle ndani. Nikasema hapana.

Jumanne, 24 Juni
Sikusema.

Jumatano, 25 Juni
Wakati wa chakula nilisema, "Mjomba." Akaacha kutafuna, akaniangalia. Nikasema mboga imebaki, niongeze? Akaongezewa.
Kitandani nimejaribu kulia ili nione. Hakuna kitu.

Ijumaa, 27 Juni
Saa nne na nusu asubuhi. Naandikia chini ya kaunta.
Baba Stamili amekuja na pikapu. Mifuko ishirini na miwili ya salfa! Haifanani. Ya kampuni tatu tofauti, mingine ilishafunguliwa ikashonwa tena kwa kamba ya katani. Ni salfa ya ukoo wake, kijijini Makote, waliyonunua kupulizia mikorosho yao. Wamechanga. Mfuko kwa mfuko, nyumba kwa nyumba.
Amekuja na mjomba wake, mzee mfupi wa kofia. Huyo ndiye aliyesema. Kwamba hawakuja kubishana. Kwamba mtoto wao hatalala mahabusu. "Na mikorosho mwaka huu itajipulizia yenyewe." Hakuna aliyecheka. Ua limeshaanza kutoka, kila mtu anajua bila salfa litaungua.
Mjomba Basil akapiga kaunta kwa kiganja. "Mnaona? Mashine haikosei!"
Nilimwamkia Baba Stamili. Hakunitania. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Ingiza tu, twende zetu."
Wamekaa barazani. Mjomba Basil amesema hawaondoki mpaka niingize, wapewe risiti ya kupokelewa.
Bidhaa, salfa. Idadi, 22. Ile 22 nilishaitoa kama upotevu, mfumo ukabaki 218. Nikihifadhi, mfumo utasoma 240 na mzigo utasoma 240. Kila kitu kitakuwa sawa. Hakuna atakayeliangalia rundo lile tena maisha yake yote.
Kisanduku cha tatu: umetoka wapi mzigo huu. Nilikiweka mimi. Kikiwa kitupu mfumo hauhifadhi. Nimeandika "Umerudishwa". Nimefuta. Nimeandika "Makote". Nimefuta.
Mjomba ameita kutoka barazani, "Witness, tayari?"
Nimesema bado. Nimesema kwa nguvu, nadhani, maana Winfrida ameacha kupima mbegu. Mzee wa kofia amegeuka. Baba Stamili amegeuka. Mjomba anauliza bado nini, na anakuja huku